Mnada wa Viti vya Mama Atupele

Nawaona mnavyopita mbele ya nyumba yangu hapa Bondeni, nyie vijana wa mikopo, vishikwambi kwapani, tai zimekazwa mpaka macho yanataka kutoka. Mnakwenda kumtathmini mkopaji. Nami nimekaa barazani na kikombe changu cha chai, nacheka. Msinichukie. Kazi hiyo nimeifanya tangu sina mvi hata moja mpaka nikakosa unywele mweusi wa kuonyesha watu, na najua huko mnakokwenda mtakuta nini. Mtakuta sebule imefagiliwa.

Sebule husafishwa kwa ajili yenu, wanangu. Mtu akisikia benki wanakuja, huazima hata saa ya ukutani kwa jirani. Ukishasalimia, omba maji ya kunawa, upite uani. Uani hakuna anayedanganya. Ukikuta kuni zimepangwa na majivu yamezolewa, huyo mtu ana mipango yake. Ukikuta sufuria tatu za majirani hazijarudishwa, basi na hela yenu ijiandae kukaa hapo hapo pamoja nazo.

Halafu muulizeni fundi baiskeli. Kyela hii kila mtu ana baiskeli, na fundi anajua hali ya kila mtu kuliko daktari. Anayekuja kuziba pancha ile ile kila wiki, tairi jipya hanunui, huyo msimpe mkopo mkubwa hata akija na suti. Najua sasa mnaingiza namba ya kitambulisho tu na mashine inawaambia mtu anadaiwa wapi na wapi. Nzuri sana. Lakini mashine haijui kwamba mtu huyo huyo naye anawadai watu. Hilo ndilo nililowaitia, na nitawaeleza kupitia habari ya viti.

Kwanza mnijue. Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Pangani. Nililetwa Kyela na barua ya uhamisho, nikalia njia nzima ya kushuka kutoka Mbeya. Nikafika Tukuyu nikaona migomba, nikapunguza kulia. Nikafika Kyela nikapewa wali na samaki mbasa wa ziwani, nikanyamaza kabisa. Wazee wa hapa, ambao herufi z huwakimbia mdomoni, waliniita Suhura. Mwishowe wakaona tabu ya nini, wakaniita Mama Benki. Kinyakyusa nilijifunza cha kusalimia na kushukuru tu, ndaga fijo, na nikakitumia kudai madeni. Nadhani mimi ndiye mdai pekee wilaya hii aliyekuwa akimaliza kila dai kwa kushukuru sana.

Kudai hapa kuna adabu zake. Kuna bwana mmoja tulimfuata mpaka mpakani, tukamkuta ameshavuka mto Songwe, amesimama upande wa Malawi kwa utulivu wake. Akatuona. Hakukimbia. Akapaza sauti: "Mama Benki! Mugonile! Nyumbani hawajambo?" Ningefanyaje? Salamu ni salamu. Nikaitikia, tukaulizana habari za watoto, habari za mpunga, habari za mvua, kote huko tunapiga kelele juu ya maji. Alipomaliza akauliza kama mkopo wa pili anaweza kuupata kabla hajamaliza wa kwanza.

Sasa viti.

Mama Atupele alikuwa jirani yangu hapa Bondeni, mjane, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu kutoka sokoni mpaka stendi. Alikuja benki akataka mkopo wa kununua viti vya plastiki, maturubai mawili na masufuria makubwa, akodishe kwenye shughuli za watu. Tulimtathmini, tukaona mambo safi. Uani kwake ungedhani ni zahanati. Biashara nayo, nani asiyejua misiba ya Unyakyusani? Watu wanakuja kwa malori, wanakaa siku na siku, na kila mmoja anahitaji pa kukalia. Tukampa. Dhamana ikawa viti na vyombo vyenyewe, na visipotosha, shamba lake la kokoa kule Makwale aliloachiwa na marehemu mumewe, ambalo ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake chuo cha uuguzi.

Mwanzoni alilipa vizuri, anakuja benki kila mwisho wa mwezi amevaa kitenge kipya. Kisha akaanza kuchelewa. Kisha akaacha kuvaa kitenge kipya. Kisha akaacha kuja.

Mkopo ukipita miezi mitatu bila rejesho, benki wanauita mkopo chechefu. Neno hilo mimi lilinichekesha tangu siku ya kwanza, linasikika kama mtu mwenye mafua, na hata Mama Atupele nilimwambia hivyo. Lakini mambo yake si ya kuchekesha. Kila mkopo unaochechea, benki inalazimika kuweka kando fedha za kufidia hasara hiyo, na fedha ikiwekwa kando haikopeshwi tena. Yaani kiti cha Mama Atupele kisipolipwa, mkulima wa Ndandalo anakosa hela ya mbolea, na wala hajawahi kukikalia.

Na mwaka ule tulikuwa nayo mingi. Mvua zilizidi, mpunga wa watu ukasombwa, madaftari yetu yakajaa mafua. Meneja wetu alikuwa kijana mwembamba kutoka Mwanza, Bwana Gervas, mtu wa kujipangusa jasho hata feni ikiwa inazunguka. Makao makuu walikuwa wanampigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikuwa anatoka ofisini amepungua. Walishamwambia wazi: mikopo chechefu ikiongezeka tena, tawi atapewa mtu mwingine, yeye atarudishwa kuwa afisa wa kawaida.

Ijumaa moja akatoka na jalada la Mama Atupele.

"Bi Zuhura, kesho tunakwenda kukamata viti."

"Meneja, ngoja kwanza nikazungumze naye. Ni jirani yangu."

"Tumezungumza vya kutosha. Kesho. Dalali nimeshamwita."

Dalali alikuwa Gwakisa, mtu wa mwili mkubwa na kipaza sauti cha mkononi ambacho hakukiweka chini hata akila. Tukapanda lori la kukodi, Meneja mbele na suti nyeusi, mimi katikati nimebanwa, Gwakisa nyuma na vijana wa kupakia. Tukafika kwa Mama Atupele, uani hakuna kiti hata kimoja. Jirani akasema viti viko msibani Ndandalo. Meneja akajipangusa jasho. "Twende Ndandalo."

Tulivifuata, na tukavikuta. Vyeupe, safi, vimepangwa mistari chini ya maturubai. Shida ilikuwa moja tu: juu ya kila kiti alikaa mfiwa.

Wanangu, chuoni hamfundishwi jambo hili. Dhamana mmeikamata, ndiyo ile mbele ya macho yenu, ina bibi juu yake analia. Unamwambiaje? Bibi, samahani, inuka kidogo, benki inakichukua hicho? Tukasimama pale kando ya lori kama watu waliopotea njia. Ndipo mzee mmoja mrefu akaja kwetu na mikono miwili mbele. Alikuwa Mzee Mwaisumo, mwenyekiti wa kamati ya msiba, na alikuwa anamfahamu Meneja kwa sura.

"Meneja! Umekuja! Marehemu alikuwa na akaunti kwenu miaka yote. Jamani, benki wamekuja kutufariji!"

Tukakaribishwa mstari wa mbele. Meneja akakalishwa kwenye dhamana. Mimi nikakalishwa kwenye dhamana. Gwakisa alipewa dhamana mbili, moja juu ya nyingine, maana moja isingemhimili. Tukaletewa wali kutoka sufuria ambayo namba yake niliijua kwa kichwa. Halafu mwongoza shughuli akatangaza kwamba mwakilishi wa benki atasema machache.

Meneja akasimama. Akasema marehemu alikuwa mteja mwaminifu, kwamba benki imepoteza mtu, na kwamba... akakwama, akatoa leso, akajipangusa jasho la uso mzima. Watu wakaona machozi. Akina mama wakaangua kilio. Kwa kuwa amekwama na hakujua atokeje, akaingiza mkono mfukoni, akatoa rambirambi kutoka mshahara wake mwenyewe.

"Na lori tumeliona," akasema Mzee Mwaisumo. "Benki wametuletea lori la kutupeleka makaburini. Mungu awabariki!"

Tuliondoka jioni. Tulikwenda kukusanya, tukarudi tumetoa, na mafuta ya lori tumelipa sisi. Njiani Gwakisa akasema kwenye kipaza sauti, kwa kusahau, kwamba wali ulikuwa mzuri.

Kesho yake Jumapili nikavuka njia nikaenda kwa Mama Atupele peke yangu. Nilimkuta uani anaosha kiti kimoja kilichovunjika mguu, anakiosha vizuri tu kama kitapona.

"Dada Zuhura, nimesikia mlikuja Ndandalo. Ndaga fijo kwa kuja."

"Tulikuja kukamata viti, Mama Atupele."

"Najua. Na mkashindwa." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hata mimi nashindwa."

"Unashindwa nini? Viti vyako havilali. Kila siku viko shughulini. Hela inakwenda wapi?"

Akaweka kitambaa chini. "Viko misibani, dada yangu. Harusi ni za msimu, na harusi wanalipa. Misiba ni kila siku. Mtu anakuja hapa alfajiri analia, mama kafariki, naomba viti. Nimwambie lete kwanza hela? Nampa. Nasema atalipa wakimaliza. Wakimaliza, anadaiwa jeneza, anadaiwa ng'ombe, anadaiwa mchele. Mimi wa mwisho. Nikienda kumkumbusha namkuta bado amevaa nguo nyeusi. Naanza kusema habari ya viti, najikuta nasema pole tena."

"Wangapi hawajalipa?"

"Wewe sema wangapi wamelipa, itakuwa rahisi."

Nikakaa kwenye kile kiti kibovu, kikayumba. Mnaelewa nilichokiona? Yule mwanamke alikuwa benki. Benki ndogo ya viti, ina wateja, ina moyo mzuri, na mikopo yake karibu yote ilikuwa chechefu. Sisi tulipomtathmini tulihesabu viti na shughuli. Hatukuuliza nani analipa, lini, na kwa adabu gani anadaiwa. Huyo aliyekuwa akishindwa kudai kwa sababu ya aibu alikuwa mwenzangu wa kazi kabisa.

"Shamba la Makwale msinichukulie," akasema, na sauti ile ya kufika stendi ikawa ndogo. "Mtoto amebakiza mwaka mmoja. Viti chukueni. Nitavileta mwenyewe Jumamosi, mpige mnada. Nimechoka kuwakwepa watu wa benki wakati mmoja wao naazimana naye chumvi."

Jumatatu nikamweleza Meneja yote hayo. Nikamwomba tuupange upya mkopo, tumpe muda. Akasikiliza, akaguswa hata, lakini akaonyesha simu. "Bi Zuhura, nikiwaambia makao makuu kwamba mkopaji ana aibu, wataniuliza aibu ni dhamana ya aina gani. Mnada uwe Jumamosi."

Na Jumamosi ikafika. Tulipanga mnada uanze saa nane mchana uwanjani mbele ya benki, tukishafunga. Meneja alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Tulipofunga mlango akaniambia anajinyoosha kidogo kwenye kochi la ofisini, nimwamshe mnada ukikaribia. Mimi nikatoka kwenda kuswali na kula.

Mama Atupele akaja na viti kama alivyoahidi, vyote vimeoshwa vinang'aa. Sasa muelewe, yule mama maisha yake yote alikuwa anajua namna moja tu ya kushusha viti. Jua la Kyela lilikuwa linaunguza, akasimamisha maturubai. Viti akavipanga mistari, mbele akaacha nafasi, kando akaweka mafiga na masufuria makubwa ili wanunuzi wayaone. Akaweka na beseni juu ya meza, kwa kuwa nalo lilikuwa sehemu ya dhamana. Akasimama pembeni, mikono kifuani, macho mekundu, kwa sababu alikuwa anaviaga.

Nyie piteni barabarani hapo mtazame. Benki imefungwa. Mbele yake turubai, viti, masufuria, beseni. Mlinzi wa mlangoni na sare yake nyeusi. Mama Atupele anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mtu akipita hapo anajiuliza jambo moja tu.

Mama mmoja muuza ndizi akashuka kwenye baiskeli, akamwendea mlinzi kwa sauti ya chini.

"Jamani, Meneja yuko wapi?"

Mlinzi, ambaye alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa na si zaidi, akasema: "Meneja amelala."

"Amelala?"

"Amelala. Tangu saa sita."

Yule mama akaweka mikono kichwani, akamwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Mwe! Ee Kyala! Kijana mdogo vile!" Na akaanza kulia.

Niliporudi kutoka kuswali nikasikia kilio tangu sokoni. Nikaharakisha, nikakuta uwanja umejaa. Wengine walikuwa wameshuka kwa bodaboda kutoka Ndandalo, maana kule yule Meneja aliyelia hadharani kwa ajili ya mzee wao walikuwa hawajamsahau. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, kulikuwa na mchele, kuni zilikuwa zinashushwa, moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria ambayo ilikuwa iuzwe saa nane. Viti vyote vilikuwa na watu. Mzee Mwaisumo alikuwa ameshakaa kwenye meza, beseni mbele yake, anapokea rambirambi na kutaja majina. Hakuna aliyemwita. Alikuwa mwenyekiti kwa kuzaliwa.

Gwakisa dalali alikuja na kipaza sauti chake, akaona umati, akafurahi kwamba mnada umepata watu. Akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Mmekuja wengi! Tunaanza na bei gani?"

Bibi mmoja akamuuliza kwa uchungu: "Bei ya nini, mwanangu?"

"Ya huyu... ya hivi..." Gwakisa akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona wanawake wanalia. "Kwani nani kafa?"

"Meneja!"

Gwakisa naye akateremka kwenye kreti, akaketi chini, akaanza kulia. Alikuwa anamdai Meneja ujira wa safari ya Ndandalo.

Mimi nilijua Meneja yuko kochini. Nikawa nasukuma watu niufikie mlango, kila hatua mtu ananikumbatia na kunipa pole, "Mama Benki, jikaze, jikaze," na kadiri ninavyosema hajafa ndivyo wanavyozidi kunishika, wakisema maskini, bado hajakubali. Mama mmoja alinimwagia maji usoni. Nilikuwa sijafika mlangoni bado, mlango ukafunguka wenyewe.

Meneja akatokea. Soksi bila viatu, shati limetoka nje ya suruali, alama ya mto wa kochi shavuni. Kelele zilikuwa zimemwamsha. Akatazama turubai, akatazama beseni, akatazama akina mama, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye malezi, akaweka mkono kifuani akauliza kwa huruma:

"Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Sijawahi kuona watu wanakimbia vile tangu nizaliwe. Nusu ya uwanja ilikuwa barabarani kabla hajafunga mdomo. Muuza ndizi aliruka mafiga pamoja na moto wake. Bibi mmoja wa Ndandalo hakukimbia, goti lilikuwa halimruhusu, akajifunika kanga usoni na kuanza kukiri kwa sauti kwamba yeye ndiye aliyesema Meneja ana miguu kama ya korongo, asamehewe. Gwakisa, ambaye alikuwa mwepesi wa kuelewa mambo kuliko anavyoonekana, akarudi juu ya kreti:

"Tulieni! Tulieni! Marehemu hajafa! Narudia, marehemu hajafa! Alikuwa amelala usingizi wa kawaida!"

Ilichukua muda. Watu walirudi kwa hatua mbili mbili, wakamgusa Meneja mkono, wakamgusa shavu. Mlinzi aliulizwa, akasema yeye alijibu alichoulizwa. Kisha mtu mmoja akacheka, akaambukiza wa pili, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Meneja. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka tangu aletwe Kyela.

Mzee Mwaisumo peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili.

"Nina swali," akasema. "Hizi fedha nizifanye nini? Kwetu rambirambi ikishatoka mfukoni hairudi. Na mfiwa simwoni."

Hapo ndipo Mama Atupele, aliyesimama kando ya masufuria, akakohoa. Naye alikuwa amecheka mpaka aibu ikamtoka, nadhani, maana alisema jambo ambalo miaka yote alishindwa kulisema.

"Mzee wangu, na leo viti nani analipia?"

Mzee Mwaisumo akatazama mistari ile ya viti. Aliona msiba wa Ndandalo, na wa kabla yake, na wa kabla ya huo. Watu wakaanza kutazama viti walivyokalia kama vimepata moto.

"Mama," akasema polepole, "sisi Ndandalo tulikulipa?"

"Hapana, baba."

"Na msiba wa dada yangu?"

"Hapana, baba. Lakini poleni sana."

Mimi nikaona hapo hapo ndipo pa kusema. Nikasema kwa sauti, maji bado yananitiririka usoni: "Jamani, hivi viti vimeletwa hapa kuuzwa. Viko chini ya mnada. Vikiuzwa, msiba ujao mtakaa chini. Kamati zenu zinakusanya michango kila msiba, zinalipa ng'ombe, zinalipa mchele. Wekeni viti mbele ya wali. Vilipwe kwanza, siku ile ile, kutoka beseni, ili Mama Atupele asilazimike kumdai mfiwa."

Mzee Mwaisumo akainuka. Alikwenda mbele ya Mama Atupele, akaweka beseni miguuni pake. Mwenyekiti wa kamati ya Makwale akaja na yeye akatoa kitu. Kisha watu wengine, mmoja mmoja, kwa haya, wakisema huu ni wa baba, huu ni wa mjomba, huu ule msiba wa mwaka juzi, tulisahau. Mama Atupele alikuwa analia huku anasema "pole" kwa kila anayelipa, mazoea tu. Alipomaliza kulia akainua beseni, akavuka uwanja, akamkabidhi Meneja aliyekuwa bado na soksi.

"Rejesho," akasema. "Si lote. Lakini mkopo wangu utoke kwenye hayo mafua yenu."

Meneja akanitazama. Nikamwambia kwa macho: sema. Akachukua kipaza sauti cha Gwakisa, akatangaza kwamba mnada umeahirishwa na mkopo utapangwa upya Jumatatu. Shamba la Makwale halikuguswa, na binti yule leo ni muuguzi, amenidunga sindano mwenyewe kwa mkono mzito kama wa mama yake. Mchele ulikuwa umeshaiva, tukala. Meneja alikula matanga yake mwenyewe, sahani mbili.

Kwa hiyo, wanangu, mkimtathmini mtu msiishie kwenye alichonacho. Mfuateni mpaka kwa wanaomdai na anaowadai, na mmuulize anawadai kwa mdomo gani. Na mkopo ukianza kuchechea, nendeni mapema, mkae kwenye kiti kibovu, msikilize. Notisi mnaweza kuipeleka siku yoyote.

Jumatatu ile Mzee Mwaisumo alikuja mwenyewe benki kushuhudia fedha zikiingizwa. Keshia alipomuuliza aandike maelezo gani ya malipo, mzee, ambaye hapendi uongo, akasema andika ilivyokuwa: rambirambi ya Meneja wa tawi. Keshia akaandika. Mashine ikaipeleka makao makuu kwa sekunde.

Mchana simu ya ofisi ya Meneja ikalia. Nilikuwa mezani kwake, tunapanga upya ule mkopo, akaweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru.

"Tumeona taarifa," sauti kutoka makao makuu ikasema, nzito, ya heshima. "Tumesikitika mno. Alikuwa kijana mchapakazi. Tawi zima tunawapa pole."

Jasho likaanza kumtoka Meneja.

"Asanteni," akasema. "Tumepokea."

"Na kwa sasa nani anakaimu nafasi ya marehemu?"

Bwana Gervas akanitazama. Akatazama dari. Akajipangusa uso kwa leso, taratibu.

"Mimi mwenyewe," akasema.